Kujua, Kuamini na Kweli: Fundisho la Kariakoo

Katika makala haya twakusudia kuyatazama maneno matatu ambayo sisi wahubiri huyatumia kila Jumapili bila kuyapima: kujua, kuamini na kweli.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tumfikirie mfanyabiashara aliyekuwa akifungua duka mle kila asubuhi. Kama angeulizwa siku moja kabla, pengine angejibu, "Najua jengo hili ni imara." Aliamini, na sababu alikuwa nazo; lakini hakujua, kwa maana jambo lisilo kweli haliwezi kujulikana. Laweza kuaminiwa tu.

Je, kuamini jambo lililo kweli, tena kwa sababu njema, ndiko kujua? Plato alilipima wazo hili katika Theaetetus, na mazungumzo yale yakaisha bila jibu. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier alionyesha kwa kurasa tatu tu kwamba masharti hayo hayatoshi. Tuchukue mfano wa kwetu. Mpangaji wa jengo jingine ameonyeshwa cheti cha mhandisi, naye aamini kwamba jengo lake ni imara. Cheti kile ni cha kughushi, wala hana njia ya kulitambua hilo. Lakini jengo lenyewe lilijengwa vema. Anaamini, ana sababu, na jambo ni kweli. Hata hivyo, nani atasema kwamba anajua? Ameifikia kweli kwa bahati. Wanafalsafa wametafuta sharti la nne, wala hawajaafikiana hata leo.

Jambo hili latuhusu sana. Msibani twaulizwa, "Kwa nini Mungu ameruhusu haya?" nasi hushawishika kujibu kama watu wanaojua. Katika Luka 13:4 Bwana aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Sababu ya kufa kwao hakuitaja. Wanatheolojia wa Kilutheri wa zamani walipambanua mambo matatu katika imani: kujua, kukubali na kutumaini, na hilo la tatu ndilo moyo wake.

Basi, mchungaji aseme "najua" pale anapojua, na "naamini" pale anapotumaini. Mfiwa hapungukiwi faraja kwa unyofu huo. Akipewa hakika isiyo na msingi, siku itakapomwangukia atakuwa peke yake.