Kiungo Kilichooteshwa Juu ya Jani: Nini Hukumu Yake?

 

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wameuliza kuhusu habari kwamba wataalamu wanaotesha nyama ya moyo wa mwanaadamu juu ya jani la spinachi. Je, ni kweli? Na ikiwa tiba, Muislamu anaruhusika kuipokea? Tutaanza na jambo lenyewe, kwani huwezi kukihukumu usichokifahamu.

Jambo lenyewe

Chukueni mfano wa dodoki la kuogea. Likiwa bichi huwa na nyama na maji. Likikauka na kusafishwa, hubaki wavu wenye vitundu. Wavu ule sehemu kubwa ni selulosi, nayo ndiyo kiunzi cha mimea yote. Wenzetu wa Mufindi wanaijua kwa njia nyengine: magogo ya misonobari hupikwa kwa dawa katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo mpaka gundi ya mti itoke, zikabaki nyuzi.

Watafiti hufanya kitu cha karibu na hicho. Jani au kipande cha tunda huoshwa kwa sabuni ya maabara mpaka seli za mmea zitoke, kikabaki kiunzi cheupe. Kisha hupandwa humo seli za mwanaadamu au mnyama, zikashikamana na kukua.

Katika Chuo Kikuu cha Ottawa, Canada, walitumia epo, tunda linalolimwa pia Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2014 waliotesha seli juu ya kiunzi chake, na mwaka 2016 wakaonesha kuwa kikiwekwa chini ya ngozi ya panya, mishipa ya damu huota ndani yake. Mwaka 2017, watafiti wa Worcester Polytechnic Institute, Marekani, walichagua spinachi kwa sababu mishipa ya jani hugawanyika kama mishipa yetu ya damu. Seli za misuli ya moyo wa mwanaadamu walizozipanda juu ya jani hilo zilidunda kwa muda wa siku 21.

Hayo ni ya maabara, bado si moyo wala kiraka cha moyo anachowekewa mgonjwa. Na mwili wetu hauwezi kuiyeyusha selulosi, hivyo kiunzi hubaki ndani. Lazima kwanza ithibiti kuwa hakidhuru.

Hukumu

Kwanza: kuweka kitu cha nje mwilini kwa haja kuna asili katika Sunnah. Swahaba ‘Arfajah bin As‘ad (radhwiya Allaahu ‘anhu) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akamuamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu asili yake ni haramu kwa wanaume.

Pili: mmea ni twahara. Mwanzi wa Iringa ukigemwa na maji yake yakachacha yakawa ulanzi wa kulevya, kinywaji hicho ni haramu. Mwanzi wenyewe haukunajisika, na mtu anajengea nyumba bila ya wasiwasi. Basi jani au epo lililooshwa halina tatizo la najisi.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj ameeleza kuwa aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara ana udhuru. Kikipatikana kilicho twahara, udhuru huo haupo. Leo zipo vali za moyo zitokanazo na nguruwe, na Maulamaa wengi wameziruhusu kwa dharura. Siku kiunzi cha mmea kitakapothibiti kuwa tiba na kikapatikana, mlango huo wa dharura utakuwa mwembamba zaidi.

Lakini asije mgonjwa akageuza maneno haya. Anayehitaji operesheni ya moyo leo asiikatae kwa kungojea jani la spinachi. Amuulize daktari kama inamfaa vali ya kutengenezwa kiwandani isiyo ya mnyama. Ikiwa haimfai au haipatikani, na maisha yamo hatarini, achukue iliyopo. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Shari‘ah.

Nne: swali lililobaki si la jani, ni la seli. Zikiwa za mgonjwa mwenyewe, hakuna tatizo. Zikiwa za mtu mwengine, iwepo ridhaa yake, asidhurike, na zisiwe za kuuzwa, kwani mwanaadamu ametukuzwa na mwili wake si bidhaa.

Kwa ufupi, asili ya jambo hili ni halali kwa masharti hayo, na ni la kutiwa nguvu. Vijana wetu wanaosoma sayansi Mbeya na Iringa wasiiogope elimu hii. Wakiisoma kwa nia njema, huenda siku moja wakawaondolea Waislamu dharura hiyo.

Na Allaah Anajua zaidi.