Bafle za nyumbani: tununue zinazoeleweka, si zinazonguruma



Siku hizi ibada nyingi za katikati ya juma zinafanyika nyumbani mwa waamini. Watu kumi au ishirini wanakusanyika sebuleni, wanaimba, wanaomba, na mara nyingine wanatazama pamoja filamu au mahubiri yaliyorekodiwa. Familia nyingi zimepokea pia ndugu waliokimbia vita, na jioni chumba kimoja kina watoto, vijana na wazee mbele ya televisheni moja. Kwa hiyo swali la bafle (au spika, kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika) linatufikia mara kwa mara sisi wachungaji: tununue zipi, tuziweke wapi, na pesa ni kidogo?

Kama kuna anayeona kwamba jambo hili si la mchungaji, asome Nehemia sura ya 8. Mwandishi hakuona aibu kutaja jukwaa la mbao ambalo Ezra alisimama juu yake, kwa sababu watu walipaswa kusikia na kufahamu. Luka naye, katika sura ya 5, anaeleza jinsi Yesu alivyoomba mashua isogezwe kidogo kutoka pwani kabla ya kufundisha umati. Mahali pa kusimama pana uzito wake.

Tuanze na yule asiyesikia. Katika nyumba nyingi, bibi au babu anainuka katikati ya filamu na kusema amechoka. Mara nyingi si uchovu: hashiki maneno. Umri unapunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na humo ndimo konsonanti zilimo. Tazama lugha yetu: kaa, taa, paa, saa. Irabu ni zile zile, kinachotofautisha ni sauti ndogo ya mwanzo, k, t, p au s. Irabu ni nene na zina nguvu, zinapita hata kwenye bafle mbaya. Konsonanti ni dhaifu, na ngoma nzito ya besi ikipigwa pamoja nazo, inazifunika. Mzee anasikia «aa, aa, aa», nasi tunamwongezea sauti, kumbe tunamwongezea kelele.

Televisheni za kisasa zimezidisha tatizo. Kwa kuwa ni nyembamba, bafle zake ni ndogo sana na mara nyingi zinaangalia chini au nyuma, kuelekea ukuta. Neno linafika sikioni baada ya kugonga saruji. Ndiyo maana hata bafle za bei ya chini, zikiangalia watu usoni, zinaweza kuleta mabadiliko makubwa.

Sasa twende sokoni. Kitu cha kwanza utakachoona ni boksi kubwa lenye picha ya moto na maandishi «10000 W PMPO». Usinunue tarakimu hiyo. PMPO ni hesabu ya wauzaji, haina kipimo kinachokubaliwa na wote. Tafuta herufi RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa mfululizo. Kama haikuandikwa, geuza kifaa utazame kibandiko cha nyuma, pale penye volti. Kikiandikwa kwamba kinatumia wati 60, hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo 60, hata kama boksi linapiga mbiu ya elfu kumi. Na hizo 60 zisikutie huzuni. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaigundua kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika karibu nguvu mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ya filamu katika sebule ya mita nne kwa nne yanatumia takriban wati moja au mbili.

Jambo la pili ni idadi. Seti zinazoitwa 5.1 zina bafle tano na moja ya besi: mbili za mbele, kushoto na kulia, moja ya katikati, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na sanduku la besi. Ni muhimu kuelewa kazi ya ile ya katikati. Katika filamu zilizotengenezwa kwa mpangilio huo, sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji inapita humo. Za nyuma zinabeba mvua, farasi na umati. Basi mtu mwenye dola 100 afanye nini? Kwa maoni yetu, aache seti yenye visanduku sita vidogo kama bati la sardini, achukue bafle mbili za ukubwa wa Biblia kubwa ya mimbarini, zenye ampli ya kweli. Bafle mbili zilizowekwa vizuri zinaleta sauti ya mwigizaji katikati ya kioo kwa wale walioketi katikati. Kama sebule ni pana na watu wanakaa pembeni, hapo bafle ya tatu, ya katikati, inastahili pesa. Za nyuma zinaweza kungoja miaka. Katika kikundi cha sala, anayeketi karibu nazo anasikia kwato za farasi kuliko mahubiri.

Kuna pia zile ndefu zinazowekwa chini ya televisheni. Si mbaya kwa nyumba ambayo haina nafasi ya waya, mradi uzisikilize kabla ya kulipa.

Kusikiliza ndiko kazi yenyewe. Muuzaji atakuwekea muziki wa besi kwa sauti ya juu, na kila kitu kitaonekana kizuri. Nenda na flashi yako yenye mtu anayesoma Maandiko kwa Kiswahili, bila muziki, na wimbo mmoja wa kwaya. Omba sauti iwe ya chini. Ukielewa kila neno kwa sauti ya chini, hizo ni bafle. Tena, nenda sokoni na mama mzee wa nyumba. Sikio lake ni kipimo bora kuliko la kijana wa miaka ishirini.

Vitu vilivyotumika, vinavyotoka Ulaya au kupitia Dubai, vinaweza kuwa baraka kwa bei yake, lakini viangaliwe. Gusa polepole ukingo wa mviringo unaozunguka koni ya bafle: kama ni sponji na inameguka kidoleni, bafle hiyo imezeeka na itakoroma. Soma volti. Kwetu Kongo umeme ni wa volti 220. Kifaa cha Marekani ni cha 120 na cha Japani ni cha 100, na kikichomekwa ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme kitaungua siku hiyo hiyo. Soma pia omu nyuma ya bafle na nyuma ya ampli. Ampli inayodai omu 8 usiipe bafle za omu 4, itapata moto. Na kama waya zina vichwa vya namna ya pekee ambavyo fundi wa mtaani hana, jua kwamba siku ampli itakapokufa, bafle zitakufa pamoja nayo.

Sasa tumefika nyumbani, na hapa pesa haihitajiki sana. Weka bafle mbili za mbele pande zote mbili za televisheni, na umbali kati yao ulingane takriban na umbali wa kwenda kwenye viti. Viti vikiwa mita 2.5 kutoka televisheni, bafle zitengane mita 2 hadi 2.5, kisha zigeuzwe kidogo ziangalie kiti cha katikati. Ile koni ndogo, inayobeba konsonanti zetu, iwe kwenye urefu wa masikio ya walioketi, karibu mita moja kutoka sakafuni. Matofali mawili matatu yaliyofunikwa kitambaa yanafanya stuli nzuri. Usizifungie katika kabati la vioo, na usizipandishe juu karibu na dari kama wanavyofanya wengi wakiogopa watoto. Hapo neno linapita juu ya vichwa. Bafle ya katikati iwekwe chini au juu ya televisheni, ukingoni kabisa mwa meza, ikiinuliwa au kuinamishwa ili iangalie nyuso.

Waya zina pande mbili, nyekundu na nyeusi, na pande hizo zifuatwe kwenye bafle zote. Ukigeuza moja tu, koni ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta: besi inapotea na sauti ya mhubiri inatawanyika chumbani bila mahali. Kama rangi zimefutika, chomoa waya kutoka ampli na uziguse kwa kibetri cha tochi cha volti 1.5, kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio mwekundu.

Lalamiko tunalolisikia kuliko mengine yote ni hili: «Muziki tunasikia vizuri, lakini watu katika filamu wananong'ona.» Mara nyingi bafle si mbaya. Mashine imepangwa kwa 5.1 wakati nyumba ina bafle mbili, na maneno yanatumwa kwenye bafle ya katikati ambayo haipo, au ambayo waya wake umekatika. Ingia katika mipangilio ya sauti kwa telekomandi, chagua stereo, na maneno yatarudi. Kama bafle ya katikati ipo, iongeze sauti yake peke yake kwa desibeli 2 au 3 juu ya nyingine. Ukiona mpangilio unaoitwa wa usiku, ujaribu: unashusha milipuko na kuinua minong'ono. Na ujue kwamba waya mbili za nyekundu na nyeupe zinabeba njia mbili tu. Anayetaka zote za 5.1 kutoka televisheni atumie tundu la HDMI lenye maandishi ARC, au ule waya wa mwanga.

Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka, imetafsiriwa katika lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwemo, na vikundi vyetu vinaipenda. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi na simu hazina sauti ya njia tano hata kidogo. Ukiitazama hiyo, bafle mbili zinatosha kabisa. Usimlaumu fundi kwamba za nyuma zimenyamaza.

Sanduku la besi wengi wanalisukuma kwenye kona. Kona inaikuza besi, ndiyo, lakini inaifanya ivume kama pipa tupu. Jaribu hivi: weka sanduku juu ya kiti unachoketi, piga wimbo wenye gitaa la besi, kisha tembea ukiinama kando ya kuta. Pale ambapo noti zote zinasikika sawa, pasipo moja kuruka juu ya nyingine, ndipo pa kuliweka. Watoto wanafurahia sana kazi hii. Kama kuna kitufe cha kuchagua besi ianzie wapi, 80 Hz ni mahali pazuri kwa bafle za kadiri; zile ndogo sana zinahitaji karibu 120.

Chumba chenyewe ni bafle ya mwisho. Piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukuta ukijibu kwa mlio mwembamba, saruji na vigae vinarudisha sauti na kuyachanganya maneno. Mkeka sakafuni, pazia zito, vitenge viwili vilivyotundikwa ukutani mkabala na bafle, na watu wenyewe, vinameza mwangwi. Nyumba za mbao za Goma hazina mwangwi mwingi, ila kila kitu kinatoka nje. Kuhusu mvua juu ya mabati yasiyo na dari, hatuna dawa. Zima, mwimbe.

Umeme unapokatika, chomoa kila kitu; ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka, maana ni wakati wa kurudi ndipo ampli nyingi zinaungua. Wanaotumia jua wafanye hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 50 ina Wh 600, na ili idumu utumie nusu, yaani 300. Televisheni ya wati 50 na ampli inayokula 30, kwa saa mbili na nusu, zinatumia 200. Inatosha, na taa moja juu yake. Lakini vile vifaa rahisi vya kugeuza umeme wa betri kuwa volti 220 mara nyingi vinaleta mlio wa nyuki katika bafle; omba kukijaribu na ampli yako kabla ya kununua.

Bado kuna jirani. Sauti nyembamba inakoma ukutani, besi inapita, na katika vilima vya Bukavu ukuta wako ni kichwa cha kitanda cha mwingine. Kata kipande cha godoro la zamani, ukiweke chini ya sanduku la besi, na baada ya saa tatu usiku lizime kabisa. Kama upande wa pili kuna mgonjwa au mtoto mchanga, lizime tangu mwanzo: kwa mahubiri na masomo, bafle mbili za mbele zinatosha.