Kiti mwendo kimepatikana, choo je?

Magazeti yetu yanaipenda sana picha hii: mgeni rasmi anamkabidhi kijana kiti mwendo, watu wanapiga makofi. Kijana mwenye mgongo wazi anakihitaji kweli. Ila kinachomfungia ndani mara nyingi si miguu, ni mkojo, na huo haupigwi picha.

Mgongo wazi huanza ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo unaposhindwa kujifunga. Mishipa ya fahamu ya sehemu ile na chini yake haifanyi kazi sawasawa. Miguu inadhoofu kila mtu akiona. Kibofu nacho hakitoi taarifa kwamba kimejaa, wala hakijimwagi chote. Mkojo huvujia kwenye nguo, au hurudi juu na kuharibu figo.

Njia ya kukimwaga kibofu hicho ni rahisi ajabu. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza jinsi wagonjwa wake walivyokuwa wakijitoa mkojo wenyewe kwa mpira mwembamba. Wengi waliamini kazi hiyo haifanyiki bila vifaa vilivyotakaswa kihospitali. Lapides akashikilia kuwa kinachokaribisha maambukizi ni kibofu kutanuka kwa mkojo uliokaa; kikimwagwa kila baada ya saa chache, mikono iliyonawa na mpira uliooshwa vinatosha. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa akaweza. Mama naye anaacha kukaa nje ya darasa akisubiri kengele ya mapumziko ili amtoe mkojo.

Akifika sekondari, anachohitaji ni maji, sabuni na mlango unaofungwa kwa ndani. Vyoo vyetu vingi vya shule vina ngazi mlangoni na tundu sakafuni. Kwa hiyo kijana hanywi maji tangu asubuhi, jambo baya kwa figo zilezile tunazotaka kuziokoa.

Barabarani, afadhali kidogo Dar es Salaam: tangu 2016 vituo vya mwendokasi viko usawa wa sakafu ya basi. Daladala ni habari nyingine. Kiti kinakunjwa na mwenyewe anabebwa kama mzigo.

Kuna jambo wazazi hulipokea vibaya. Aliyetembea kwa magongo utotoni, mwili ukiongezeka uzito, huenda akachagua kiti. Wao huona ameshindwa. Mimi naona anatunza nguvu za kusomea. Muhimu kiti kimtoshe na kiwe na mto mzuri, maana makalio yasiyohisi hupata vidonda bila mwenyewe kujua. Mafundi wa kupima viti wapo. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha fani hiyo.

Na siku kijana atakapokwenda mwenyewe kununua mipira ya kutolea mkojo, aulize kwanza kama ni ya lateksi. Wenye mgongo wazi hupata mzio wa lateksi kuliko watu wengine.