Buschenschank si baa



Waswahili wenzangu hapa Vienna huziita Buschenschank "baa", nami nakataa. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II aliwaruhusu wakulima kuuza nyumbani mvinyo na chakula chao wenyewe. Tawi la msonobari likining'inia mlangoni, pamefunguliwa. Bia hupati; utapewa mkate, jibini, nyama baridi, na mvinyo wa mwenye nyumba, si wa jirani. (Siku hizi mikahawa yenye leseni kamili nayo hujiita Heuriger, yaani mvinyo wa mwaka huu, ndo mkanganyiko unapoanzia.)

Mimi ningesema kilabu, maana aliyepika pombe ndiye anayekumiminia. Na kila nikikaa pale nawakumbuka wakulima wa zabibu kwetu Dodoma, wanaomngojea mwenye kiwanda aje kununua, na mwenzao huku anajiuzia uani kwake.