Mchungaji Mgeni na Maswali ya Washarika katika Nchi ya Dhahabu

Mchungaji anapopokelewa katika usharika mpya, kwa desturi hukabidhiwa funguo, vyombo vya madhabahuni, daftari la ubatizo na taarifa ya fedha. Jambo moja haliandikwi katika hati ya makabidhiano, nalo ni maswali ambayo washarika wamekaa nayo muda mrefu bila kupata wa kumwuliza. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini kuyapokea maswali hayo ni sehemu ya utume wa mchungaji tangu juma la kwanza, hasa kwa wale wanaopangiwa kazi Shinyanga, Kahama na Geita.

Wanaouliza ni nani

Katika Usukuma Kanisa letu halikutangulia. Mapadre wa White Fathers walifika Bukumbi mwaka 1883, na Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nassa kutoka kwa wamisionari wa Kianglikana mwaka 1909. Walutheri waliingia baadaye, wengi wao wakiwa watumishi, wafanyabiashara na wahamiaji kutoka sehemu nyingine za nchi. Kisha ikaja migodi: almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, ambao huhama kila isikikapo habari ya rashi mpya.

Kwa hiyo benchi moja la kanisa hukaliwa na mkulima wa pamba, mwalimu aliyetoka Bukoba, mama auzaye chakula machimboni, na kijana ashindaye ndani ya duara. Aliyelelewa katika kanisa la A.I.C. atauliza kwa nini tunabatiza watoto wachanga. Mwingine atauliza kama ni dhambi kuhudhuria matambiko ya ukoo. Mwingine atataka kujua kama Kanisa hupokea sadaka ya dhahabu iliyopatikana kwa dawa ya mganga.

Swali la "nani"

Lakini swali zito kuliko yote huko huulizwa msibani. Mwaka 2015 katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wachimbaji 15 waliokolewa Nyarugusu, Geita. Tulimshukuru Mungu. Hata hivyo mama ambaye mwanawe alifukiwa katika duara jingine, asitoke, ana haki ya kuuliza: kwa nini wale na si wangu? Swali hilo lisipopata mahali pa kukaa, hubadilika haraka kuwa swali jingine: ni nani aliyefanya haya?

Mpiga ramli analo jibu la swali hilo la pili, nalo ni jina la mtu. Matunda ya jibu hilo tunayajua. Wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo mara nyingi hutokana na miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Tangu mwaka 2007 habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa zilienea, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria yaweza kufunga mlango wa mpiga ramli. Haiwezi kuliondoa swali lililompeleka mtu mlangoni pale. Tukilinyamazisha swali hilo kanisani, hatukulimaliza, bali tumelipatia nauli ya kwenda kwa mganga.

Bwana wetu aliletewa swali la namna hiyo. Katika Luka 13 twasoma habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Bwana hakuwakemea waliotaka kujua, wala hakuwapa jina la mwenye hatia. Alikataa kuwahesabu marehemu kuwa wakosaji kuliko walio hai, kisha akawaita wote watubu. Hapo pana kielelezo cha mahubiri ya mazishi machimboni. Mchungaji aweza kusema wazi kwamba matimba yalikuwa machache, kwamba mvua ililegeza udongo. Kusema hivyo si upungufu wa imani. Ni kuikiri Kanuni ya Kwanza, kwamba Mungu ndiye Mwumbaji wa ulimwengu wenye taratibu zake. Baada ya hapo aweza kulia pamoja na mama yule bila kumtafutia adui.

Namna ya kuyapokea

Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia kumwonyesha hali halisi ya wachungaji na watu. Alikijenga kitabu hicho juu ya maswali, ili hata mtoto aulize maana ya kila amri. Kanisa lililolelewa hivyo halina sababu ya kuyaogopa maswali.

Kwanza, mchungaji mgeni na atangaze saa maalumu ya maswali, kisha aitunze. Wachimbaji hufanya kazi kwa zamu; kwa hiyo saa moja baada ya ibada ya Jumapili haitoshi, na yafaa mwinjilisti wa mtaa awe na saa yake karibu na machimbo. Pili, asikilize katika Kisukuma, ikibidi kwa msaada wa mzee wa kanisa, maana mengi ya msibani hayasemwi kwa Kiswahili. Tatu, asione haya kuomba muda wa kusoma na kutafakari kabla ya kujibu.

Nne, atambue swali ambalo ni ungamo lililovikwa nguo nyingine. Nikodemo alikwenda usiku. Anayeuliza juu ya sadaka ya dhahabu ya mganga huenda anajisemea mwenyewe. Huyo asijibiwe mbele ya watu kwa sheria ya sadaka, bali aitwe faraghani, apewe nafasi ya kutubu na kusikia ondoleo la dhambi. Siri ya ungamo lake itunzwe. Lakini mtu akitaja madhara yanayopangwa dhidi ya mzee au mtoto fulani, hilo si ungamo, kwa kuwa hapana toba ndani yake. Mchungaji amwonye mhusika, na asikawie kuchukua hatua za kumlinda aliye hatarini, pamoja na viongozi wa kijiji na polisi.

Tunawasihi wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa mazoezi ya kazi wasiingie sharika hizo na majibu peke yake. Waingie na daftari. Waandike maswali ya miezi mitatu ya kwanza, bila majina ya waulizaji, kisha wayapeleke katika kikao cha wachungaji wa jimbo, yajadiliwe pamoja mbele ya Neno la Mungu.