Kutu, Pua na Feleji: Maneno ya Jikoni Tunayoyachanganya

Mama na dada zetu waliohamia Kitale na Bungoma kutoka pwani huenda wameliona jambo hili majikoni mwao. Vijiko na sufuria ambazo Mombasa zilianza kutoka vidoadoa vya kahawia, huko bara hung'aa miaka. Chombo ni kile kile. Hewa ndiyo iliyobadilika. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ni adui mkubwa wa madini yaitwayo dukani "stenlesi", na vitabuni "chuma cha pua" ama "chuma kisichoshika kutu".

Majina hayo mawili ya vitabuni hayalingani. Pua (tuiache ile ya usoni) ni chuma kigumu, jamaa ya feleji iliyosifika kwa panga. Kisu cha pua ya kawaida hukata vyema, lakini ukikiacha majini usiku kucha hushika kutu kama jembe. Kwa hivyo aulizaye "chuma cha pua" dukani bado hajauliza habari ya kutu.

Jina la pili nalo huahidi kupita kiasi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyekiunda chuma hicho mwaka 1913, mwenyewe alikiita kisicho na kutu. Husimuliwa kuwa fundi wa visu, Ernest Stuart, alikijaribu kwa siki, akasema tu kwamba hakishiki madoa upesi, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Kiingereza. Fundi alikuwa mwangalifu kuliko wauzaji wetu.

Siri ni kromi. Ikifika asilimia 10.5 au zaidi, hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba usioonekana, nao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Chumvi iliyoganda na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huutoboa. Sufi ya chuma ya kusugulia ina hila nyingine: huacha chembe zake juu ya sufuria, chembe zikashika kutu, nasi tukailaumu sufuria. Sumaku pia isikuhadae. Ziko sufuria halisi za aina hii, zisizotiwa nikeli, ambazo sumaku huzinasa barabara.

Wengine husema "chuma kisicho na doa". Hapana. Doa na waa hukaa juu ya kitu, na aghalabu twayataja kwa heshima ya mtu, kutu hula. Wafasiri wetu wa Qur'ani, walipofika aya ya 14 ya Suratul-Mutaffifin, isemayo juu ya nyoyo zilizofunikwa na yale waliyoyachuma wenyewe, walichagua kutu, wala hawakuandika doa.

Kwa maoni yetu, lililo sahihi zaidi ni "chuma kinachostahimili kutu". Nawe uliye Bungoma, ukija pwani likizoni na birika lako, lioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, maana visima vyetu vingi wavijua, kisha ulikaushe kwa kitambaa kabla ya kulala.