Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mtaalamu wa Kiingereza Akiondoka, Anatuachia Nini?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza inatufunza ukarimu, ya pili inatukumbusha kazi. Zote mbili zinatufaa tunapotazama jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, ingawa linawagusa watoto wao: ujio wa wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka ng'ambo, ambao hukaa kwa wiki chache kisha wakarejea kwao, au siku hizi hufundisha kupitia kioo cha kompyuta bila hata kupanda ndege.

Mfano mashuhuri ni wa Marekani. Mwaka 1991 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuwatuma wataalamu wa aina hiyo katika nchi mbalimbali. Wanaochaguliwa si vijana waliomaliza chuo jana. Ni watu wenye shahada ya uzamili au ya uzamivu na uzoefu wa miaka mingi katika kuwafundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao ya nyumbani. Kazi ya mmoja wao huanzia wiki mbili na kufikia miezi michache. Hawaji kushika chaki mbele ya watoto wetu. Huja kuwafunza walimu, kuwaandaa wakufunzi, au kusaidia kutunga mitaala, vitabu na mitihani.

Tulikotoka

Afrika Mashariki ni mwenyeji wa siku nyingi wa wageni hawa. Mwaka 1961 walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza walianza kuletwa katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika, chini ya mpango uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hao walikuja kwa mkataba wa miaka miwili na kufundisha darasani wenyewe. Baadaye mpango huo ulielekezwa katika vyuo vya ualimu, kwa hoja iliyo wazi: anayemfundisha mwanafunzi mmoja amenufaisha mmoja, na anayemfundisha mwalimu amewafikia mamia.

Mwaka huohuo wa 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1992, mwanaisimu Robert Phillipson aliandika kitabu cha kuyapinga mawazo aliyoyaona yametawala huko. Miongoni mwayo ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza kitupu, na kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Yeye aliyaita mawazo hayo upotofu. Nasi tunadhani mzazi yeyote aliyewahi kumsikiliza mwalimu hodari akifafanua neno gumu kwa Kiswahili, kisha akalirudisha darasa kwenye Kiingereza, atamwelewa.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu na kukuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Ukafuata mradi wa msaada wa Uingereza, ulioleta washauri na vitabu vya kusoma. Washauri hao walikwisha kwenda zao zamani. Mtoto anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kukutana na fizikia ya Kiingereza katika kidato cha kwanza bado yupo, naye pengine ni wako.

Jembe lipi?

Hapa ndipo penye hoja yetu. Wageni wa mipango hii kwa kawaida hawajichagulii kazi. Ubalozi na taasisi mwenyeji hukaa pamoja kuandika kinachohitajika, kisha mtaalamu anayefaa hutafutwa. Kwa hiyo manufaa ya ziara huanza kuamuliwa kabla mgeni hajafunga sanduku lake, na mwamuzi mkubwa ni mwenyeji.

Tumchukulie mwalimu mwenye wanafunzi themanini, ubao mmoja na vitabu visivyotosha. Mwenyeji akiandika tu kwamba anataka semina ya mbinu za kisasa, atapata semina ya mbinu za kisasa: siku tatu za kadi za rangi na michezo ya darasa la watu ishirini, picha ya pamoja, cheti na chai. Jumatatu mwalimu atarudi kwa themanini wake, na kadi zitabaki kabatini.

Mwenyeji huyohuyo angeweza kuuliza hivi: mwalimu huyu afanyeje ili kila mwanafunzi aandike sentensi tano kila wiki, nazo zisahihishwe, bila yeye kubeba madaftari themanini nyumbani kila jioni? Swali hilo lina majibu, na mtaalamu wa kweli anayajua. Wanafunzi wasahihishane wawili wawili kabla daftari halijamfikia mwalimu. Mwalimu asahihishe kosa la aina moja tu kwa wiki, mathalani nyakati za vitenzi, na mengine yangoje zamu yake. Akusanye madaftari kumi na sita kwa siku, na kufikia Ijumaa amewapitia wote. Na mwalimu wa fizikia naye aketi katika mafunzo hayo, kwa kuwa Kiingereza kinachomkwamisha mtoto mara nyingi kimo katika swali la fizikia.

Mgeni aliyepewa jembe la namna hiyo atalima. Aliyeachwa kibarazani hana lawama akimaliza siku zake kwa kusifia upepo wa bahari.

Kioo wakati wa Maghrib

Mafunzo ya mtandaoni yamepunguza gharama na kufungua mlango kwa mwalimu ambaye hawezi kuacha nyumba kwa wiki mbili, hasa mwalimu mwenye mtoto mchanga. Hata hivyo yana adabu zake. Mtaalamu wa Washington akianza saa nne asubuhi kwake, hapa ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili kwa miezi ya baridi yao. Ndio wakati wa chakula cha jioni, watoto na swala ya Maghrib. Katika Ramadhani ndio wakati wa futari. Mwenyeji asione haya kusema mapema kwamba saa hiyo haifai, wala kuomba kila somo lirekodiwe. Bando nalo lina bei. Walimu watano wakikutana mbele ya kompyuta moja shuleni watatumia kidogo zaidi na watapata wa kujadiliana naye.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Mume atakayempokea mtoto kwa saa mbili mkewe akiwa masomoni amechangia elimu ya watoto themanini wa watu wengine. Hilo si jambo dogo.

Ijaza

Jamii yetu haihitaji kufundishwa thamani ya mwalimu msafiri. Wanazuoni walivuka bahari baina ya Hadhramaut, Komoro, Lamu na Unguja, na mwanafunzi aliyekomaa alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha alichokipokea. Hatukuuliza sheikh alikaa siku ngapi. Tuliuliza amemwacha nani wa kusomesha.

Tuupime ujio wa wataalamu wa Kiingereza kwa kipimo hicho. Kila ziara, ya ana kwa ana au ya kioo, iwe na walimu wawili au watatu wenyeji waliotajwa kwa majina tangu mwanzo, watakaofanya kazi bega kwa bega na mgeni na kuwafunza wenzao muhula unaofuata. Mkuu wa shule awapangie muda katika ratiba, vinginevyo watachoka na kuacha.

Nasi wazazi tunalo swali la kuuliza katika kikao cha shule tukiambiwa kwamba mtaalamu kutoka ng'ambo amekuja na kuondoka. Tusiulize alitoka nchi gani, wala vyeti vilitolewa vingapi. Tuulize: ni mwalimu wetu yupi aliyebaki na jembe lake?